Upande wa Kulia wa Mkunazi

Penye miti hapana wajenzi, ndivyo tulivyofundishwa. Doha ni kinyume chake: wajenzi wamejaa tele, mti ndio wa kutafuta kwa tochi. Nyumba ninayoendeshea gari huku Al Rayyan ina mti mmoja tu wa maana, mkunazi mkubwa nyuma ya majlisi, ukumbi wa wageni, karibu na chumba changu. Wenyewe huuita sidri. Nilipofika sikupenda hata kupita chini yake. Kwetu pwani majani ya mkunazi ndiyo yanayotiwa kwenye maji ya kumwoshea maiti, na mara ya mwisho kuyaponda kwa mikono yangu nilikuwa nakwenda kumwosha kaka yangu.

Nalisema mapema ili nisimzungushe mtu. Kaka yangu alifia juu ya mti, ameketi kwenye mkanda, bunduki mikononi. Mimi nilikuwa chini, si mbali, nimempa mgongo. Tangu siku ile nimetaka kujua kitu kimoja tu: kama aliniita. Mengine yote nimeshayakubali, mauti ni haki na kila nafsi itayaonja. Lakini hilo moja lilinifuata mpaka uwanja wa ndege, likapanda ndege pamoja nami, likaja kuhamia kwenye chumba cha dereva kando ya lango.

Bwana mwenye nyumba tunamwita Baba, kama wafanyakazi wengi wa majumbani huku wanavyowaita mabwana zao, ingawa umri wake na wangu haupishani sana. Ni mtu mnene, mpole wa sauti na mkali wa haraka. Wakati wa baridi husafiri na mashemeji zake kwenda nchi za mbali kuwinda paa wakubwa, na huko watu huwinda wakiwa wameketi juu ya miti. Safari iliyopita mkono ulimtetemeka, risasi ikampata mnyama mguuni, akakimbia nayo msituni na hakuonekana tena. Tangu hapo kila Alhamisi mashemeji wakija majlisi lazima kisa kile kisimuliwe upya. Mimi hupeleka birika la kahawa mlangoni, basi namsikia Baba akicheka pamoja nao. Wakishaondoka hakai na mtu. Huenda kusimama peke yake karibu na magari, anaangalia matairi.

Siku moja tulikuwa tumekwama barabara ya Salwa, magari hayaendi mbele wala nyuma, naye nyuma yangu anaangalia video kwenye simu. Nikaona kwenye kioo: mzungu kaning'inia kwenye mti, bunduki inamcheza mikononi kama fimbo ya kipofu. Mdomo wangu ukanitoka bila ruhusa.

"Anapigana na mti, huyo."

Baba akaisimamisha video. "Umejuaje?"

Ningesema sijui, mambo yangeishia pale. Lakini nina tabia mbaya ya kutopenda kuonekana mjinga kwa kitu ninachokijua. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, nikichanganya na Kiingereza, kwamba kwetu nilikuwa askari wa wanyama wa kijiji, na kaka yangu alikuwa askari kamili wa wanyamapori, na kwamba kazi yetu ilikuwa kuwaondoa nyati na nguruwe waliokuwa wakiingia mashambani. Wengine tuliwavizia tukiwa juu ya miti. Tulipofika nyumbani hakushuka.

"Utanifundisha," alisema.

Nikamwambia siwezi. Nilipoteremka kwenda kula, dada mpishi, Mganda mmoja mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameshazisikia habari, sijui kwa nani.

"Ssebo, umekataa?" akaniuliza huku akinipakulia; ssebo kwao ni bwana.

"Nimekataa."

"Mbona basi hujala? Unakoroga tu mchuzi. Kisebusebu na kiroho papo, wewe."

Alinipata. Mama yangu aliniapisha, baada ya mazishi, kwamba sitakaa tena chini ya mti alioko mtu na bunduki, nami niliapa na nilikuwa na nia ya kweli. Lakini tangu nilipoiona ile video mikono yangu ilikuwa imeanza kukumbuka yenyewe. Niliogopa, na nilitaka. Sioni haya kusema vyote viwili.

Kesho yake nilimwambia Baba nitamfundisha, naye akaagiza kiti cha kuketia mtini; kilikuja kwenye boksi. Sisi kule kwetu tulikishona wenyewe kwa mikanda ya kufungia mizigo ya malori, tukakiita bembea kwa mzaha. Hiki cha Baba kilikuwa na vitambaa laini, vifungo vya chuma na mifuko mpaka ya kuwekea chupa ya maji. Kazi ni ile ile: mkanda mpana unakukaa chini ya makalio, kamba inatoka kiunoni kwenda kufungwa kwenye shina, juu ya kichwa chako. Unauelekea mti, unajilegeza nyuma, kamba inakaza, miguu unaikanyagisha kwenye shina. Mti unakushika nawe unaushika. Bunduki ya Baba ya kuwindia haikai nyumbani, kwa hiyo tulitumia ya upepo, na shabaha yetu ilikuwa kopo la rangi chini ya ukuta.

Tulianza baada ya swala ya alasiri, jua likishapoa. Siku ya kwanza alining'inia kama nguo iliyoanikwa. Miguu huku, kichwa kule, na jasho juu. Nikamwambia ashuke, anywe maji, apande tena.

"Baba, wewe umejaa haraka, mti hauna haraka," nilimwambia. "Nani atashinda?"

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Magoti yaguse gome, yasiwe hewani. Mtutu usiulaze mtupu juu ya tawi, utaruka. Kunja kitambaa uweke katikati. Mkono wa kushoto ushike kamba pale ilipokaza, bunduki ilale juu ya ngumi hiyo. Kiwiko cha kulia kibane ubavuni. Sasa una miguu, una kamba, una ngumi, hakuna kinachocheza isipokuwa mti, na mti ukitikisika wewe usiukataze. Nenda nao. Kila mti una pale unaporudi. Toa pumzi, iache kidogo tu kifuani, ngoja mti urudi, hapo ndipo unapobonyeza.

Nilikuwa nasema kwa sauti yangu lakini maneno hayakuwa yangu. Hata ule ukavu wa kusema "nani atashinda" ulikuwa wa kaka yangu. Jioni ile nilikwenda chumbani nikakaa kitandani bila kuwasha taa, nikihisi kama nimezungumza na mtu usoni kwa saa nzima nikasahau kumuuliza hali.

Nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Sisi tulikwenda wawili wawili: mmoja juu ya mti, mmoja chini kichakani, nyuma na mbali kidogo, kulinda njia ili mwanakijiji asiingie mbele ya bunduki. Aliye chini haongei, hakohoi, na haangalii mti. Anaupa mgongo. Wazee wa kazi walisema mnyama hufuata macho: ukiutazama mti, naye atautazama. Aliye juu ndiye mwenye neno. Akimaliza hupiga mluzi, ndipo wa chini anageuka. Kabla ya mluzi, hata dunia ipinduke, hugeuki. Asiyeweza hilo alirudishwa nyumbani akalime.

Na bunduki zetu zilikuwa za zamani. Kile kidude cha usalama, cha kuizuia risasi isitoke, ukikisukuma kufungua au kufunga, kilipiga *tik* kubwa, nyati akakusikia kutoka ng'ambo ya dimbwi. Kwa hiyo aliye juu alifungua usalama mapema, akishatulia tu, kelele ikaisha, kisha akaiacha wazi mpaka mwisho.

Asubuhi ile tulikuwa tunamngoja nyati aliyekuwa na jeraha la waya wa mtego. Alikuwa amemvunja mbavu mama mmoja aliyekwenda kuokota kuni. Kaka yangu alipanda kabla jua halijachomoza. Alikuwa mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo alichagua tawi ambalo dimbwi lingekuwa kushoto kwake. Mimi nilikaa juu ya jiwe, upande wake wa kulia, nyuma. Kabla hajapanda alinifinya sikio, akaniambia, "Mdogo wangu, leo usisinzie, ukikoroma nakupiga wewe nimwache nyati." Hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Jua lilipanda. Ndege walikuwa wengi, kisha wakanyamaza, kisha wakarudi. Nikasikia matawi yakikwaruzana nyuma yangu kidogo. Baadaye nikasikia *tik*.

Ile ya kufungua alfajiri sikukumbuka kuisikia; nikajisemea, alisahau kufungua, sasa ndio anafungua, nyati yuko mbele yake. Nikajikaza zaidi. Nakumbuka chungu mwekundu alikuwa ananitembea kwenye kidole cha mguu, nikamwacha anile. Nilingoja mlio wa bunduki na haukulia, nikangoja mluzi na haukuja. Nikasema basi, nyati ameghairi, ndugu yangu anamvumilia. Nilimwonea fahari.

Mchana sajini wetu alikuja na gari. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvunja kimya. Alisimama njiani akaliita jina la kaka yangu, mara ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo nilipogeuka, na kitu cha kwanza kukiona ni tundu la mtutu. Lilikuwa linaniangalia mimi. Nyuma yake alikuwa kaka yangu, ameketi vizuri kabisa, kamba imemshika, kichwa kimelala kwenye shina.

Ilikuwa fira wa kijani, yule nyoka wa mitini. Alama zilikuwa mkononi. Sajini alinieleza kwamba sumu ile hulegeza kope na midomo kwanza, ulimi ukawa mzito, mtu akawa hawezi kupiga mluzi wala kuita, na akili ingali nzima. Nikamuuliza kwa nini hakufyatua hata moja hewani. Alisema labda kidole kilikuwa kimeshalegea, ile ilikuwa bunduki ya kubonyeza kwa nguvu. Alipoichukua aliitazama akasema, "Usalama umefungwa. Hakuwahi hata kuufungua." Na kuhusu mtutu alisema, alipokata roho mikono ililegea, bunduki ikaangukia upande ule. Nilikubali. Basi ile *tik*, nikajiambia, niliiota. Mama yangu aliambiwa alikufa kama aliyelala, na mpaka leo ndivyo anavyowaambia watu.

Hayo niliyabeba. Nimeyabebea kwenye foleni za pasipoti, nimeyabebea Abu Hamour kwenye maegesho nikiwangoja watoto wa Baba watoke masomo ya jioni. Kuna siku nilikuwa namwambia, kaka, kama uliniita nisamehe, na kama hukuniita niambie nipumzike. Mtu mzima naongea na usukani.

Baba aliendelea vizuri. Baada ya wiki kadhaa kopo lilikuwa limejaa vibonyeo, na dada mpishi akawa anatoka na chai kuja kuangalia. "Leo Baba ametulia kama mlokole," aliniambia siku moja, naye Baba hakujua amesifiwa au ametukanwa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nimeupa mti mgongo. Sikukusudia. Nilijikuta tu nimekaa hivyo kila siku, namsikiliza kwa masikio: miguu ikikwaruza, pumzi, kopo likilia.

Ndipo siku moja akaniuliza kutoka juu, "Na mnyama akitokea kulia?"

Nikamwambia kulia ni kugumu. Ukiwa wa mkono wa kulia, kushoto bunduki inakwenda yenyewe, lakini kulia shina liko njiani na kamba iko njiani. Akasema hakuelewa, nipande nimwonyeshe.

Sikuwahi kupanda tangu siku ile. Nilivaa kile kiti cha mkanda, nikafunga kamba, nikajilegeza nyuma, na mkunazi ukanipokea. Harufu ya majani yake ilinijia nikayaona tena maji ya kuoshea, beseni, miguu ya kaka yangu. Nikatulia kidogo nikisoma Kulhuwallahu moyoni. Baba alinipa bunduki.

"Tazama," nikamwambia. "Hapa nimetulia, mtutu uko kushoto. Nikichoka, nikilegeza mikono, itaangukia wapi?" Nikalegeza. Bunduki ikateleza kushoto, ikaning'inia na mkanda wake begani. Nikaiweka sawa nikalegeza tena. Kushoto. Nikajaribu kuinamisha mwili kulia nikalegeza. Shina liliizuia, ikarudi kushoto.

Sikuwa tena namwonyesha Baba. Nilikuwa najionyesha mwenyewe.

"Na kulia?" Baba akauliza.

Nikafanya polepole. Lazima uinue bunduki wima, uipitishe juu ya kamba. Lazima mguu wa kushoto usukume shina ili uzunguke. Lazima utafute tawi jingine la kulaza ngumi. Magoti yanakwaruza gome, na matawi yanasikika. Kisha ndipo mtutu unateremka upande wa kulia na nyuma, mpaka pale kilipo kiti cha plastiki. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachofanyika chenyewe. Maiti haifanyi. Hata aliyelala hafanyi.

Niliteremka nikabaki nimelikumbatia shina. Baba aliniuliza kama ni jua. Nikasema ni jua. Akaniambia nikae, nami nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki, kwa mazoea yale yale, mgongo kwenye mti. Yeye akapanda kujaribu. Nilimsikia akihema, nikamsikia akisukuma kwa mguu, gome likakwaruza, matawi yakasuguana. Ilikuwa sauti ile ile ya asubuhi ya nyati. Nyuma yangu, katikati ya sauti ile, nikasikia *tik*.

Niliruka nikageuka. Mtutu ulikuwa unakuja kunielekea, taratibu, na nyuma yake uso mwekundu wa Baba.

"Unafanya nini?" nilimpigia kelele kwa Kiswahili. Sijawahi kumpandishia sauti mtu anayenilipa mshahara. Dada mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Baba hakukasirika. Hakujua Kiswahili ila alielewa. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyedhaniwa mwizi kwenye nyumba yake.

"Nimeifunga," alisema. "Hukusikia? Nimeifunga kwanza. Ningekuelekezea wewe ikiwa wazi?"

Nilikaa chini, si kwenye kiti, kwenye mchanga. Dada mpishi akaja akanishika bega akiniuliza, "Ssebo, ni nini? Ni nini?" nami nilikuwa nalia kama mtoto, mbele ya bwana na mbele ya mpishi, na sikujali.

Kaka yangu aliifungua bunduki asubuhi ile, kama kawaida yake. Mimi ndiye niliyekuwa sina hakika na masikio yangu. Fira alimuuma, midomo ikamlegea, akajua mluzi hautatoka. Akajua nimempa mgongo na sitageuka, maana ni yeye aliyenifundisha nisigeuke. Akaamua kuniita kwa kitu pekee kilichobaki mkononi mwake: bunduki, na kelele ya matawi akiizungusha upande wangu. Lakini akiwa katikati ya kuuzungusha mwili ule uliokuwa unamfia, kabla mtutu haujapita upande wa mdogo wake, alikusanya nguvu za kidole akausukuma usalama akaufunga. Ile risasi moja hewani ambayo ingeweza kumwokoa aliifungia humo. Labda alidhani atapata nguvu ya kufungua tena. Labda hakutaka kidole kinachotetemeka kiwe kwenye bunduki iliyo wazi na mimi nipo mbele yake. Nilimsikia akifanya hivyo, nikakaza shingo.

Mama yangu sijamwambia. Nilimpigia Ijumaa, akaniuliza kama huko kuna baridi, nikamwambia kiasi. Aliposema, kama anavyosema kila mara, kwamba angalau mwanawe alikwenda kwa usingizi, nikaitikia.

Baba anasafiri karibuni na mkono wake hauchezi tena. Amenisamehe zile kelele. Anaamini niliogopa bunduki tu. Mazoezi tunaendelea nayo kila alasiri, ila kiti changu cha plastiki nimekigeuza, sasa kinauelekea mkunazi. Alipokiona hivyo alinikumbusha nilichomfundisha mwenyewe, kwamba mnyama hufuata macho.

"Hapa hakuna mnyama," nilimwambia. "Wewe panda. Funga usalama, kisha geukia kulia."

Basi anageuka, polepole, matawi yakilia, mpaka mtutu unanifikia kifuani. Nami namwangalia mpaka ashuke.